Namna ya Kuandika Historia ya Chama cha Wataalamu wa Lishe Mkoani: Mwongozo Kutoka Moshi

Chama cha kitaaluma cha ngazi ya mkoa mara nyingi hakina ofisi yake. Nyaraka zake hukaa nyumbani kwa katibu aliyepo madarakani, na katibu huyo anapopata uhamisho, boksi la majalada hukabidhiwa kwa mwenzake harakaharaka, au husahaulika juu ya kabati likisubiri mchwa na unyevu wa masika. Kwa miaka miwili nilikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa na mkutano mkuu kazi ya kuandika historia ya chama cha wataalamu wa lishe hapa Moshi, chama kidogo kinachowakusanya watumishi wa hospitali, wa halmashauri na wa vyuo. Haya ninayoyaeleza ni yale ambayo ningependa tungeambiwa siku ile tulipoanza, na ninayaandika kwa ajili ya wenzetu wa mikoa mingine ambao wamekwisha kukabidhiwa boksi kama lile.

Kazi hii ina ugumu wake wa pekee. Mtaalamu wa lishe hufanya kazi ambayo matokeo yake hayaachi alama ya kuonekana: mtoto aliyepona utapiamlo hukua akawa kama watoto wengine, na mgonjwa wa kisukari aliyefundishwa kupanga mlo wake hurudi nyumbani bila kovu la upasuaji. Kwa hiyo anayeandika historia ya chama hiki asitegemee majengo wala mawe ya msingi. Ushahidi wake umo katika daftari la jikoni, kadi ya kliniki, stakabadhi ya ada na kumbukumbu za watu walio hai.

Kuamua chama kilizaliwa lini

Msikubali kupangiwa tarehe ya maadhimisho kabla ya kulijibu swali hili. Chama cha kawaida kina siku tatu za kuzaliwa: siku watu walipokutana mara ya kwanza wakakubaliana kushirikiana, siku walipopitisha katiba, na siku walipopata cheti cha usajili. Jumuiya nyingi za aina hii husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ambayo ilitungwa mwaka 1954 enzi za Mwingereza. Vingine vimesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na vingine ni matawi ya chama cha kitaifa ambayo hayakuwahi kuwa na cheti chake peke yake. Ukikuta cheti, soma kwanza kimetolewa na nani na chini ya sheria ipi, kwa sababu hapo ndipo utakapojua masijala ya kwenda kuulizia jalada.

Kwetu sisi, kitambaa kilichotundikwa ukutani kila mkutano mkuu kilikuwa na mwaka mmoja, cheti kikawa na mwaka mwingine uliochelewa sana, na muhtasari wa kikao cha kwanza, ulioandikwa kwa mkono katika daftari la shule, ukawa na mwaka wa tatu. Tulibishana kwa wiki kadhaa. Mwishowe tuliandika tarehe zote tatu, tukaeleza ni tukio gani lililotokea kila siku, na tukakiacha kitambaa kama kilivyokuwa, kwa maelezo kwamba mwaka wake ni wa katiba. Nashauri mfanye vivyo hivyo, kwa maana msomaji hudanganyika pale anapopewa tarehe moja iliyo safi kuliko ushahidi wenyewe.

Mahali pa kuanzia simulizi

Waandishi wengi wa historia za taaluma hii huanzia ughaibuni. Ni kweli kwamba chama cha Marekani kiliundwa mjini Cleveland mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa juhudi za Lulu Grace Graves na Lenna Frances Cooper, na kwamba cha Uingereza kilianza mwaka 1936, na kwamba mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wataalamu hawa ulifanyika Amsterdam mwaka 1952. Aya moja inatosha kwa hayo. Vyama vile viliongozwa tangu mwanzo na watu wa hospitali. Huku kwetu njia ilikuwa nyingine, na ukianza na Cleveland utajikuta unaipima Kilimanjaro kwa kipimo kisicho chake.

Anza na watu walioifanya kazi hii kabla haijawa na jina. Katika mkoa huu walikuwa wauguzi wa hospitali za misheni kama Machame, Kibosho na Kilema, mabibi maendeleo waliozunguka vijijini, walimu wa sayansikimu, na wapishi wa hospitali ambao walijua kwa uzoefu ni mgonjwa gani apewe uji mwepesi na nani asitiliwe chumvi. Wengi wao hawakuwa na cheti cha lishe, na hawamo katika daftari lolote la wanachama. Hata hivyo, waasisi wa chama walijifunza kazi mikononi mwao, na historia inayowaacha nje inakuwa historia ya vyeti.

Kisha weka miaka ya kitaifa kama nguzo, kila nguzo ikiunganishwa na jambo lililotokea hapa. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Machi 1971, ikaleta Moshi madaktari bingwa na wodi ambazo zilihitaji chakula cha mgonjwa kipangwe kitaalamu. Mwaka 1973 Bunge lilitunga Sheria Na. 24 iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyokuja baada ya ukame na njaa. Waulizeni wazee wenu ni nani aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha redio kijijini kwao. Sisi tuliuliza kwa bahati tu, na tukagundua kwamba wawili kati ya waasisi wetu walisikia neno "lishe" kwa mara ya kwanza wakiwa wamekaa chini ya mwembe wakisikiliza kipindi hicho.

Mwaka huo wa 1975 Marja-Liisa Swantz na wenzake walitoa kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utafiti kuhusu sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi. Swali lililowagusa wengi wakati ule bado linamgusa kila anayefanya kazi mlimani: ilikuwaje watoto wapate kwashiorkor katika nchi yenye vihamba vya migomba, maziwa na kahawa ya kuuza? Sehemu ya jibu ni kwamba ndizi hushibisha lakini protini yake ni kidogo, na mtoto aliyeachishwa ziwa mapema akapewa ndizi au uji wa mahindi mtupu hukosa kinachojenga mwili. Sehemu nyingine imo katika ardhi iliyogawanywa hadi ikawa vipande, katika mzigo wa kazi wa mama, na katika suala la nani anayeshika fedha za kahawa. Sura inayoeleza chama kilianzishwa ili kushughulikia nini iingie humu kwa kina, hata ikichukua kurasa nyingi kuliko sura nyingine zote, kwa sababu bila tatizo hili chama kisingekuwa na sababu ya kuwapo.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, kimetoa wahitimu wengi wa lishe, na katika muongo wa 2010 halmashauri zikaanza kuajiri maafisa lishe kwa wingi zaidi. Angalia jinsi daftari la wanachama linavyobadilika kuanzia hapo: majina ya watu wa wodini yanapungua kwa uwiano, na majina ya watu wa halmashauri yanaongezeka. Badiliko hilo lilileta mvutano ndani ya chama chetu kuhusu nani aongoze, na nina hakika si sisi peke yetu.

Kutafuta karatasi

Muhtasari wa vikao ndio hazina kubwa kuliko zote, lakini usomwe kwa namna yake. Watu hukimbilia maazimio. Mimi nimejifunza kusoma kwanza kipengele cha "Yatokanayo", kwa sababu pale ndipo azimio la kikao kilichopita linapoulizwa kama limetekelezwa, na ndipo unapoona jambo moja likiahirishwa vikao vitano mfululizo. Orodha ya waliohudhuria na waliotoa udhuru nayo ihesabiwe kikao kwa kikao. Tuliichora kwa mstari, na mstari ule ulituonyesha miaka ambayo chama kilikuwa hai kwa jina tu, ingawa hotuba za mwenyekiti wa wakati huo zilisema vingine.

Karatasi za serikali zinahitaji kujua mipaka ilivyosogea. Kilimanjaro na Arusha zilikuwa sehemu za Jimbo la Kaskazini hadi mwaka 1963, na Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, kwa hiyo taarifa ya "Mkoa wa Arusha" ya mwaka 1995 inahusu pia Babati, Mbulu, Hanang na Kiteto. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa ukaja mfumo wa Madaraka Mikoani, kisha zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Ukitafuta katika masijala ya halmashauri jalada la miaka hiyo ya katikati huenda usilipate, na ukadhani limeteketea, kumbe liliwekwa mkoani. Wizara ya Afya nayo imebeba majina mengi. Kati ya mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2022 iliitwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Tena kumbuka kwamba mwaka wa fedha huanza Julai, hivyo taarifa ya 1984/85 haisemi chochote kuhusu Machi 1984.

Magazeti yasomwe kwa subira. Kwa miaka ya 1950 liko Komkya, gazeti la Wachagga, na kwa miaka ya baadaye yako Uhuru, Mzalendo na Daily News, pamoja na machapisho ya makanisa kama Kiongozi na Uhuru na Amani, ambayo huandika habari za hospitali za misheni kuliko magazeti ya kila siku. Mkitafuta kwa kompyuta katika magazeti ya karibuni, jihadharini na neno "mama lishe". Litawaletea mamia ya habari za akina mama wanaopika na kuuza chakula mitaani, waliokuwa wakiitwa mama ntilie, na habari za wataalamu mnaowatafuta zitafunikwa humo. Tafuteni "afisa lishe", "mtaalamu wa lishe", "utapiamlo", na jina la hospitali.

Kuna karatasi moja ambayo hakuna aliyetuambia kuihusu, na ndiyo iliyotusaidia kuliko majalada: ratiba ya mazishi. Familia nyingi za hapa huchapisha kijitabu kidogo chenye historia fupi ya marehemu, pamoja na mwaka aliosoma, alikoajiriwa, vyeo alivyoshika na vyama alivyojiunga navyo. Kijitabu hicho huhifadhiwa ndani ya Biblia au nyuma ya picha ya ukutani. Kwa ruhusa ya wafiwa tulipiga picha vijitabu kumi na moja, na humo tukapata tarehe za ajira ambazo idara za utumishi hazikuwa nazo tena. Ziandikwe kama maneno ya familia, kisha zilinganishwe na barua ya ajira ikipatikana.

Kabla ya kupanga chochote, pigeni picha stakabadhi za EFD, yaani za mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Mashine hizo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na karatasi yake hufifia. Tulikuta bahasha nzima ya stakabadhi zilizokuwa nyeupe kabisa. Karatasi za zamani zilizopigwa taipu na nakala zake za kaboni ni imara kuliko hizi.

Kwenda kwa wazee

Msiahirishe mahojiano mkisubiri karatasi zikamilike. Mwasisi mmoja wetu alifariki wiki tatu kabla ya siku tuliyompangia, na hadi leo hakuna anayejua ni nani aliyeandika rasimu ya kwanza ya katiba.

Wakati mzuri mkoani hapa ni Desemba, wanachama wa zamani waliohamia Dar es Salaam au Mwanza wanapopanda mlimani kwa Krismasi. Lakini nendeni kabla ya tarehe 22 au baada ya Mwaka Mpya, kwa sababu katikati hapo nyumba imejaa wageni na mwenyeji hana nafasi ya kukaa nanyi. Msipange safari za Kibosho juu au Rombo wakati wa masika kama hamna gari linaloweza njia za utelezi. Apigiwe simu kwanza na mtu anayemfahamu, na mkifika, shikamoo na habari za nyumbani zichukue muda wake wote unaostahili. Mwite mama au mzee kama mlivyozoea kumwita kazini, wala msimbadilishie jina la heshima kwa kuwa sasa kuna kinasa sauti mezani. Ziara ya kwanza iwe ya kusikiliza. Ya pili, baada ya wiki mbili hivi, ndiyo ya kuuliza, maana siku hizo katikati humfanya mzee akumbuke, na mara nyingi atakuwa ametafuta picha.

Mtu akiulizwa "mlianza mwaka gani?" hutaja mwaka wowote uliokaribiana. Tumieni matukio: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha la 1967, wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Sokoine alipofariki Aprili 1984, Mwalimu alipong'atuka 1985, meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Muuguzi mmoja mstaafu alishindwa kabisa kukumbuka mwaka wa semina ya kwanza, lakini alikumbuka kwamba washiriki walikula ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano ya msaada, na kwamba sukari ya chai ilitoka nyumbani kwa mganga mkuu. Hilo lilitosha kutuweka katika kipindi cha uhaba cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na muhtasari ukathibitisha baadaye.

Ulizeni juu ya chakula chenyewe. Jikoni kulikuwa na sufuria ngapi? Nani aliyepima? Maziwa yalitoka wapi, na yalipokosekana mgonjwa alipewa nini? Mzazi aliyelala wodini aliruhusiwa kuletewa mtori kutoka nyumbani, au daktari alikataa? Maswali haya yalifungua mazungumzo ambayo swali la "changamoto zilikuwa zipi" lilikuwa limeyafunga. Kwa Arusha ningeuliza pia habari za loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, na jinsi wataalamu wa kwanza walivyozungumza na wafugaji juu ya maziwa, kwa sababu vipeperushi viliandikwa kwa ajili ya walaji wa mahindi na maharage.

Fedha na siri

Ada na viingilio visibadilishwe kuwa thamani ya leo kwa kukisia. Linganisha ada na bei iliyomo katika stakabadhi za mwaka uleule, kama kilo ya sukari au nauli ya kwenda Dar es Salaam, na msomaji ataelewa uzito wake.

Kuhusu siri, kuweni wakali. Ndani ya boksi letu mlikuwa na orodha za wagonjwa waliogawiwa unga wa lishe katika miaka ya 2000, wakiwamo watu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata wanachama walio hai ambao anwani na namba zao zimo daftarini. Orodha zile hatukuzinakili wala kuzipiga picha. Tulizirudisha kwa kituo husika kwa barua, na nakala ya barua ikabaki katika jalada letu. Kila aliyehojiwa atie saini kwamba anakubali maneno yake yatumike, na aulizwe kama anataka jina lake litajwe.

Kuandika na kurudisha kwa wenyewe

Gawanyeni sura kwa kufuata kazi zilizofanyika kuliko kufuata awamu za wenyeviti. Awamu za uongozi ziwekwe katika jedwali mwishoni, pamoja na vyanzo vya kila tarehe. Panapokuwa na ugomvi, andikeni kila upande ulisema nini, kwa maneno yaliyomo katika muhtasari, na mseme wazi pale ambapo muhtasari uliandikwa na mmoja wa wagombanao. Sisi tulikuwa na mpasuko uliodumu takriban miaka minne. Wajumbe wengine waliomba uachwe kwa ajili ya amani. Tuliuandika kwa kurasa tatu, tukawapelekea pande zote mbili rasimu kabla ya kuchapa, na kila upande ukasahihisha jambo moja la kweli.

Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama, sura moja kwa kila kikao, huku wazee wakialikwa na kupewa nauli. Macho ya mzee hayawezi kurasa mia, lakini masikio yake yatashika kosa katika sentensi ya pili. Picha zioneshwe ukutani wakati huohuo, na mtu mmoja aandike majina yanayotajwa, kuanzia kushoto, pamoja na jina la aliyeyataja. Nyuso ambazo hazikutambuliwa zichapishwe vilevile, zikiwa na nafasi tupu chini yake.

Ombeni namba ya ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mpeleke nakala kwenye maktaba ya mkoa, maktaba za vyuo vya afya, na kwa kila familia iliyowafungulia mlango. Majalada asilia yawekwe katika taasisi yenye chumba kikavu na mtunza kumbukumbu, kwa hati ya makabidhiano yenye orodha ya kila kilichomo. Nakala ya katibu mpya ifungwe na kurasa kumi nyeupe mwishoni. Yetu imekwisha kujazwa kurasa nne, na katika picha ya 1986 aliyesimama wa tatu kutoka kushoto, akiwa ameshika mizani ya kupimia watoto, sasa ana jina.